Kutoka Kwenye Matete Hadi Mtumbwini: Ukingo wa Kajaga katika Historia ya Uvuvi wa Ziwa Tanganyika

Nilianza kuvua nikiwa na miaka tisa, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika hapa Kajaga, magharibi mwa Bujumbura, kwa mshipi mfupi uliofungwa kwenye ufito. Nilipanda mtumbwi kwa ajili ya kuvua nikiwa na miaka kumi na saba. Katika miaka hiyo minane niliiona mitumbwi kila siku. Ilikuwa hatua hamsini kutoka pale nilipokaa, lakini haikunijia akilini kwamba ningeweza kuingia katika mmojawapo. Ile ilikuwa kazi ya watu wengine.

Insha hii inauliza swali moja: ni nini kinachomtoa mvuvi ukingoni na kumpeleka majini? Jibu la haraka ni chombo. Nitajaribu kuonyesha kwamba, katika ncha hii ya kaskazini ya ziwa, chombo peke yake hakikutosha. Ilihitajika mali ya kukipata, ruhusa ya kukitumia, na ujuzi, ambao sehemu yake kubwa hupatikana ukingoni. Aidha, nitadai kwamba kwa kuwa wengi walioandika habari za ziwa hili waliliona wakiwa ndani ya chombo, ukingo umeandikwa kidogo kuliko unavyostahili.

Shule ya ukingoni

Ukingo wa Kajaga si kama ule wa ng'ambo. Upande wa Uvira, milima inateremka hadi karibu na maji, na kina huanza mapema. Kwetu, mto Rusizi umeleta mchanga na matope kwa karne nyingi, kwa hiyo maji huongezeka kina polepole na matete huota. Mtoto anaweza kusimama majini hadi magotini na bado akatupa mshipi kwenye maji ya kina kifupi.

Hapo ndipo tulipojifunza. Tulijua kwamba mvua ikinyesha juu bondeni, maji ya Rusizi huja na rangi ya udongo, na samaki husogea. Tulijua upepo wa kusini wa kiangazi, unaosukuma mawimbi hadi kwenye ncha hii ya ziwa. Tulijua pia kwamba jua likianza kuzama lazima tuondoke, kwa sababu viboko hutoka majini kwenda kulisha, na mamba wapo. Kila mtoto wa huku alitishwa kwa jina la Gustave, yule mamba mkubwa wa delta ya Rusizi aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye, na ambaye habari zake zilienea duniani.

Samaki tuliowapata walikuwa ngege, samaki wadogo wa mawe na majani, na mara mojamoja sangala wadogo. Sangala ni jina tunalowaita samaki wa jenasi ya Lates, ndugu wa sangara wa Ziwa Victoria. Kupata sangala wa urefu wa kiganja ilikuwa sifa ya wiki nzima. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba sangala wachanga hujificha kwenye majani ya ukingoni, na wakikua huhamia maji ya kina. Yaani samaki tuliojivunia walikuwa watoto wa wale ambao mjomba wangu alikuwa akiwatafuta usiku kucha mbali na ukingo. Sikufurahi kulijua hilo, lakini lilinifundisha jambo: ukingo ni mahali pa kulelewa, kwa samaki na kwa wavuvi.

Samaki wetu waliishia kwenye sufuria ya mama. Hakuna aliyewapima, hakuna aliyewaandika. Nalisema hili mapema kwa sababu litarudi.

Vyaelea vimeundwa

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mtumbwi wa ziwa hili ulikuwa mti kwanza. Katika karne ya 19, mitumbwi mikubwa iliyotumika Ujiji ilichongwa kutoka kwenye mivule ya milima ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, kisha ikavushwa. Mtu wa ukingo wa mashariki hakuamka asubuhi akakata mti na kwenda kuvua. Alihitaji biashara na watu wa ng'ambo, wachongaji, wapiga makasia, na kitu cha kuwalipa wote.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka kwa wageni wawili. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Walitaka sana kujua kama Rusizi unaingia ziwani au unatoka, kwa kuwa jibu lilihusu chanzo cha Nile. Walikuwa na fedha, vitambaa na shanga, lakini hawakuwa na chombo. Speke alivuka hadi Kasenge, ng'ambo, kujaribu kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu, akarudi mikono mitupu. Hatimaye walikodi mitumbwi miwili kwa msaada wa Kannena, mtawala wa Ujiji, wakafika Uvira mwezi Aprili. Hapo waliambiwa kwamba Rusizi unaingia ziwani, na wapiga makasia wakakataa kuendelea. Wageni wale wakageuka bila kuuona mdomo wa mto.

Mwezi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomo wa Rusizi na kuthibitisha kwa macho yao kwamba maji yanaingia. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lina tarehe ya safari hiyo: 25 Novemba 1871.

Kwa kawaida visa hivi husomwa kama historia ya uvumbuzi. Mimi navisoma kama historia ya chombo. Mwaka 1858, mwenye kuamua nani atakwenda wapi ziwani hakuwa mgeni mwenye vitambaa, bali mwenye mitumbwi na wapiga makasia. Tena, swali lililowasumbua wasomi wa London lilikuwa na jibu ukingoni. Watu wa mdomo wa Rusizi, majirani wa Kajaga ya leo, waliona kila msimu wa mvua matope yakiingia ziwani. Hawakuhitaji mtumbwi kulijua hilo.

Taa na ruhusa

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika tambarare ya Imbo. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani iliwahamisha watu kutoka sehemu za pwani ya ziwa, na Wabelgiji nao waliendeleza hatua za namna hiyo. Hapa tunaona ruhusa ikiwa jambo la serikali: mtu angeweza kuwa na mtumbwi na ujuzi, lakini asiruhusiwe kukaa karibu na maji.

Uvuvi wenyewe ulikuwa ukifanyika kwa moto. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi waliwasha kuni au matete mbele ya mtumbwi, ndagala wakaufuata mwanga, na wakachotwa kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 mambo yalibadilika haraka. Karabai zilichukua nafasi ya moto wa kuni. Mitumbwi iliunganishwa kwa miti na kubeba wavu mpana unaoshushwa chini ya mwanga kisha kuinuliwa, na watu wakaiita katamarani. Katika miaka hiyohiyo Wagiriki waliokuwa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa, walianzisha uvuvi wa kiwanda, wenye meli za chuma, boti za taa na nyavu kubwa za kuzungusha. Baadaye yalikuja makatamarani makubwa zaidi, yaliyopewa jina la Apollo. Uvuvi wa kiwanda ulififia katika miaka ya 1990. Katamarani na Apollo vilibaki.

Kwa mtu wa ukingoni, mabadiliko haya yalikuwa na maana mbili. Kwa upande mmoja, mlango ulifunguliwa: katamarani inahitaji mikono mingi, na kijana asiye na mali angeweza kuajiriwa. Kwa upande mwingine, mlango ulizidi kuwa mzito. Zamani mtu alihitaji mtumbwi na lusenga. Sasa anahitaji vyombo viwili au vitatu, taa, mafuta, wavu na leseni. Aliyeajiriwa alitoka ukingoni, ni kweli, lakini hakuwa mwenye chombo.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilirudisha tena suala la ruhusa. Mjomba anakumbuka vipindi ambavyo uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa sababu za usalama. Anasema walikaa ukingoni na karabai zimezimwa, wakijua ndagala wapo palepale. Sentensi yake moja nimeiandika kwenye daftari: "Tulikuwa na kila kitu isipokuwa usiku."

Maji yalipopanda

Mwezi Aprili 2020 Rusizi ulifurika Gatumba na maelfu ya watu wakapoteza makazi. Ziwa nalo lilikuwa likipanda, na huku Kajaga maji yaliingia polepole, bila kelele. Nyumba tuliyopanga ilijaa hadi kizingitini, kisha hadi kitandani. Tulihamia kwa shangazi Buyenzi. Niliporudi kutazama mahali pangu pa kuvulia, sikupaona. Matete yalisimama katikati ya maji, na ufuko ulikuwa umefika kwenye ua wa watu.

Mama alikuwa akiuza ndagala waliokaushwa, na sehemu ya kuwaanika ilizama pia. Ndipo nilipomwendea mjomba. Sikwenda kwa kupenda safari za majini. Nilikwenda kwa sababu ukingo ulikuwa umeondoka na sufuria ilikuwa bado ipo.

Mwaka 2021 alikubali kunichukua, akiwa na mwenzake mmoja, kwenda kuvua mukeke kwa mishipi. Mukeke, ambaye Kigoma huitwa mgebuka, naye ni wa jenasi ya Lates, lakini huishi katika maji ya wazi akiwafuata ndagala. Mvuvi wa matete hawezi kumfikia. Kwanza mjomba alinipeleka kwa watu wa mwalo akanitambulisha mimi ni nani na mtoto wa nani. Kisha akaniambia: "Mpwa wangu, ukingoni ukikosea unalowa. Humu ukikosea tunalowa wote."

Nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza, nilisimama ili nivute mshipi vizuri, kama nilivyozoea mchangani. Mtumbwi uliinama, maji yakaingia, na yule mwenzake akayachota kwa kidumu kilichokatwa bila kuniambia neno. Kosa la pili, nilileta mshipi wangu wa zamani. Niliushusha wote hadi ukaisha mkononi, na haukufika popote.

Lakini kuna mambo mawili niliyoyaona ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii. La kwanza: mjomba hakuyatazama maji sana. Alitazama nchi kavu. Alilinganisha kilele fulani cha milima ya Uvira na taa fulani za mjini, akasema, "Hapa." Ramani yake yote ilikuwa ukingoni. La pili: kabla ya giza niliona mstari wa maji ya udongo umesogea mashariki kuliko kawaida, nikamwambia, "Mjomba, Rusizi umepanda." Alitazama, akanyamaza, kisha wakapiga makasia kuuacha mstari ule nyuma. Usiku huo tulipata mukeke kumi na mmoja, na mimi nilipewa wawili. Nilichokijua kutoka kwenye matete kilikuwa kimetumika majini.

Hitimisho

Tukisema kwamba uvuvi ulipiga hatua kutoka ukingoni hadi kwenye mtumbwi, kisha katamarani, kisha meli, tunaifanya historia kuwa ngazi, na anayebaki chini anaonekana kama aliyechelewa. Ushahidi nilioueleza hauonyeshi hivyo. Burton na Speke walikuwa na mali, wakakwama. Wavuvi wa miaka ya vita walikuwa na vyombo, wakakaa ukingoni. Meli za Wagiriki zilikuja zikapita. Watu wamekuwa wakienda na kurudi kati ya ukingo na maji kwa kadiri ya mali, ruhusa na amani.

Hoja ya pili inatuhusu sisi wanafunzi wa historia. Serikali na miradi huhesabu vyombo, nyavu na mialo, na ndivyo ilivyo hata leo nchi nne za ziwa zinaposhirikiana kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapa Bujumbura. Hesabu hizo ni muhimu, kwa sababu samaki wanapungua. Tanzania ililifunga ziwa upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapumzike. Lakini mtoto mwenye ufito na mama mwenye mkeka wa kuanikia ni vigumu kuonekana katika hesabu hizo. Ukingo ukizama, kinachozama ni mahali pa kulelewa kwa sangala wachanga, soko la mama, na shule ya mvuvi, na hakuna daftari litakaloonyesha pengo.

Wazee wa Kajaga, Gatumba na Buyenzi wanaokumbuka ufuko wa zamani bado wapo. Tuwaulize sasa. Mimi nimeanza na mjomba. Asubuhi ile niliporudi na mukeke wangu wawili, mama aliwageuza mkononi, kisha akauliza swali ambalo mwanahistoria yeyote angeuliza: "Hawa mmewatoa wapi?" Nilinyoosha mkono kuelekea ziwani, nikagundua kwamba siwezi kumweleza bila kumtajia kwanza mlima na taa za nchi kavu.