Sumukuvu: Kwa nini panya mmoja hupata saratani na mwingine hubaki mzima

GUNIA la mahindi hupita mikono mingi kabla ya kuwa ugali katika nyumba za Daraja Mbili, au za Unga Limited, kata ya Arusha iliyopata jina lake kutokana na kiwanda cha kusaga nafaka. Mahindi hayo yanaweza kuonekana safi machoni na bado yakawa yamebeba sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus wanaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu.

Mwaka 1987, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiweka sumu hiyo katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Uthibitisho huo haukutoka kwa panya wa maabara peke yao, na usingeweza kutoka kwao, kwa sababu panya wenyewe walitoa majibu mawili yanayopingana.

Habari za sumukuvu zilianza mwaka 1960 nchini Uingereza, ambako batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Wanasayansi waliitenga sumu iliyokuwamo, kisha wakaanza kuwalisha wanyama wa maabara.

Matokeo ya mwaka 1974 ya Gerald Wogan na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, ndiyo yanayotajwa zaidi hadi leo. Panya wakubwa weupe wa ukoo uitwao Fischer waliolishwa chakula chenye mikrogramu 100 za sumukuvu aina ya B1 kwa kila kilo walikuwa 28, na wote 28 walipata saratani ya ini. Waliopewa mikrogramu 50 walikuwa 25, na 20 kati yao waliugua. Wale 18 ambao hawakupewa sumu kabisa hawakuugua hata mmoja.

Lakini panya wadogo, jamaa wa wale wanaotafuna magunia katika stoo za nyumbani, walipolishwa vipimo vikubwa kuliko hivyo mara nyingi, maini yao yalibaki bila uvimbe. Kiswahili huwaita wote “panya”, na pengine hapo ndipo msomaji wa magazeti hupotezwa anapoambiwa kwamba dawa au sumu fulani “imethibitika kwa panya”. Swali la kwanza linalopaswa kuulizwa ni panya yupi.

Tofauti yao imo ndani ya ini. Sumukuvu inapoingia mwilini haina madhara makubwa kwa vinasaba hadi vimeng'enya vya ini viibadilishe kuwa kemikali kali, inayonasa kwenye vinasaba vya chembe za ini na kuviharibu. Panya mdogo naye huibadilisha vivyo hivyo, ila ana kimeng'enya kingine kinachoidaka kemikali hiyo upesi na kuitoa nje kabla haijafika kwenye vinasaba. Panya mkubwa hana kinga ya nguvu hiyo. Watafiti walipowaondolea panya wadogo jeni ya kimeng'enya hicho, nao wakawa dhaifu mbele ya sumu. Hata umri una nafasi yake: watoto wa panya wadogo waliodungwa sumukuvu siku chache baada ya kuzaliwa walipata uvimbe wa ini walipokua.

Je, binadamu yuko upande gani? Uwezo wa ini lake kuidaka ile kemikali ni mdogo mno ukilinganishwa na wa panya mdogo. Kwa hiyo mtaalamu aliyewapima panya wadogo peke yao angeitangaza sumu hii kuwa salama, na angekosea vibaya.

Hata hivyo, panya mkubwa naye si picha kamili ya mtu. Huishi takriban miaka miwili, na hula chakula kile kile kilichopimwa kila siku. Mtu hula sumu kidogo kidogo kwa miongo kadhaa, mwaka huu nyingi, mwaka ujao kidogo, tena akiwa na maradhi ambayo panya wa maabara hana.

Ugonjwa wenye uzito mkubwa kuliko yote hapa ni homa ya ini aina ya B. Watafiti waliwafuatilia wanaume 18,244 wa mji wa Shanghai, China. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa waliokuwa na dalili za sumukuvu kwenye mkojo walikabiliwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 zaidi ya wasio nayo. Waliokuwa na virusi vya homa hiyo pekee, mara 7.3. Waliokuwa na vyote viwili, takriban mara 59.

Sumu hiyo huacha pia alama yake. Mwaka 1991 uchunguzi wa uvimbe wa ini kutoka kwa wagonjwa wa China na kusini mwa Afrika ulibaini hitilafu katika sehemu moja ile ile ya jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuzuia chembe zilizoharibika zisiendelee kuzaliana. Katika uvimbe wa panya, alama hiyo si ya kawaida.

Afrika Mashariki imeijua sumukuvu zaidi kwa vifo vya ghafla. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliougua walikuwa 317 na 125 wakafariki dunia. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliougua walikuwa 68 na 20 wakafariki. Hao waliuawa na sumu nyingi iliyoliwa kwa muda mfupi. Saratani ni habari ya miaka mingi, na mgonjwa hawezi kukumbuka gunia lililomdhuru.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu Arusha, kinataka mahindi yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na mikrogramu 5 za aina ya B1. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Kuchambua punje zilizooza au kuvunjika husaidia, na kukoboa hupunguza kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Anayependa dona ana sababu zaidi ya kuchambua. Pumba zikipewa ng'ombe, sehemu ya sumu hurudi kupitia maziwa.

Kuhusu homa ya ini, chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni kwa utaratibu huo, na mtu mzima hujua hali yake kwa kupimwa damu.