Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya Nairobi na New York
Viwanja vya ndege vya kimataifa vya Jomo Kenyatta, Nairobi, na John F. Kennedy, New York, vimetenganishwa na takriban kilomita 11,800. Safari ya moja kwa moja, iliyoanzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, kwa kuwa pepo za juu zivumazo kutoka magharibi huikabili ndege iendapo na kuisukuma irudipo. New York iko nyuma kwa saa 8 majira ya baridi na saa 7 majira ya joto. Msafiri anayeunganisha ndege azingatie kwamba saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika.