Insha Iliyonirudisha Ruangwa



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike jambo lolote la historia ya kwetu kusini. Najua wengi mnatazamia reli na karanga za Nachingwea, maana kila tukikutana hamwachi kunitania kwa mambo hayo. Karanga nitazigusa mwishoni. Kwanza nitawasimulia insha moja iliyonishinda, kwani ndiyo iliyonifundisha kusoma.

Mnakumbuka tulivyoigiza "Kinjeketile" shuleni, ule mchezo wa Ebrahim Hussein uliochapwa mwaka 1969. Mimi nilikuwa askari, na kazi yangu ilikuwa kusimama na gongo la muhogo lililojifanya bunduki. Hata hivyo niliyajua maneno ya kila mhusika, na hata taa za bweni zikizimwa tuliendelea kujibizana gizani mpaka kiranja aje kututisha.

Mwaka 1973 nikaingia Mlimani. Chuo kile kilianza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia kilimani mwaka 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilichukua Historia na Kiswahili. Idara ya Kiswahili ilikuwa changa, imeanzishwa mwaka 1970, na maneno kama fani, maudhui na dhamira yalikuwa mageni masikioni mwetu. Shuleni, kuchambua kitabu kulikuwa kusimulia hadithi upya na kuorodhesha mafunzo yake. Kumbe nilipanda mlima ule na mzigo wa tabia hiyo.

Katika mwaka wa pili tulipewa insha ya historia juu ya Vita vya Maji Maji. Niliiandika kwa siku tatu. Ukurasa niliouringia kuliko yote ni ule nilioweka maneno ya mwisho ya Kinjeketile, anapokataa kuwatamkia Wajerumani kwamba maji yalikuwa uongo. Niliyatumia kama ushahidi wa fikra za kiongozi yule mwaka 1905. Chini nikaweka tanbihi: jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Tanbihi ile niliipenda kama kijana apendavyo saa yake ya kwanza.

Insha ilirudi jina limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pana swali moja: ni nani anayesema hapa? Mhadhiri akaniita. Akaniuliza kama nimesoma utangulizi wa kitabu kile. Sikuwa nimeusoma, maana sisi tulizoea kuanzia pale wahusika wanapoanza kusema. Nikausoma mbele yake. Mwandishi mwenyewe anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule mtu wa historia, bali ni kiumbe cha ubunifu.

Mtu mwenyewe, wa Ngarambe, wanahistoria humwandika Kinjikitile Ngwale. Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, na tarehe 4 Agosti Wajerumani walikuwa wamekwisha kumnyonga. Katika mchezo yu hai hata baada ya wapiganaji kushindwa na bunduki. Tofauti hiyo peke yake ingetosha kunizindua, lakini nilikuwa nimeukariri mchezo bila kuusoma.

"Maneno haya si uongo," mhadhiri akasema. "Ni ushahidi mzuri sana, lakini ni ushahidi wa mwaka 1969. Yanakwambia Mtanzania aliyekwisha kujitawala aliwaambia nini wenzake juu ya vita vya babu zao."

Kisha akanituma maktaba. Pale palikuwa na kijitabu cha Gwassa na Iliffe cha mwaka 1968, na simulizi ambazo wanafunzi wa Idara ya Historia walizikusanya vijijini mwaka 1968 na 1969. Nikaanza kujizoeza kuuliza mambo manne kwa kila andiko: nani anasema, anamwambia nani, anasema lini, na kwa haja gani. Nilipoaga, mhadhiri akaniongezea swali la tano. "Wewe ni mtu wa Ruangwa. Huna wa kumwuliza?"

Niliona haya. Bibi mzaa mama alikuwa hai, na mwaka 1905 alikuwa msichana mdogo. Niliishi naye miaka yote ya shule ya msingi, na sikumwuliza hata siku moja.

Likizo ndefu ya mwaka 1975 nikaenda nyumbani. Masika barabara ya kusini ilikuwa haipitiki, basi nikachukua meli hadi Lindi, halafu lori hadi Nachingwea, halafu lori jingine hadi Ruangwa, ambayo ilikuwa haijawa wilaya. Bibi nilimkuta katika nyumba mpya, kwa kuwa walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa.

"Karibu mume wangu, umechelewa kuja kunioa," akanitania. Nilipotoa daftari, utani ukaisha.

Kinjikitile hakumjua. "Mimi naijua njaa," akasema. Askari walichoma maghala, na yeye na mama yake wakaishi porini wakichimba ming'oko. Mdogo wake walimzika njiani. Mjomba wake mmoja alikunywa maji, akaenda vitani, hakurudi. Mjomba mwingine, wa tumbo lile lile, alikamatwa na askari akabebeshwa mizigo yao. Huyu alirudi, akaoa, akafa mzee, na hakuna aliyemwuliza alikopita.

Jirani alipoingia, bibi akabadili mazungumzo. Jirani alipoondoka, akaniambia: "Usiliandike jina la yule aliyebeba mizigo. Wajukuu zake ndio wanaonichotea maji."

Nilirudi Mlimani na shida ambayo hakuna kitabu kilichoitatua. Insha yangu ya kwanza ilikuwa na mashujaa watupu. Nikimwacha mbeba mizigo, nitakuwa ninaandika mchezo mwingine na kuuita historia. Nikimtaja, nitamsaliti bibi. Nikaandika "mtu mmoja wa ukoo huo". Nikaeleza pia kwamba msimulizi alikuwa mtoto vitani, kwamba anasimulia baada ya miaka 70, na kwamba alinyamaza jirani alipoingia. Mhadhiri alikata alama kwa jina lililokosekana, na alikuwa na haki, kwa kuwa ushahidi usio na jina ni dhaifu. Sikujuta. Gwassa alikadiria waliokufa kwa vita na njaa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Mdogo wake bibi yumo katika hesabu hiyo, na sisi hatukuwa na hata kaburi la kuonyesha.

Bibi alifariki mwaka 1977. Insha ile niliiandika kwa Kiingereza, lugha ya masomo ya historia Mlimani, na sikumfasiria hata ukurasa mmoja. Deni hilo ninalilipa leo, kwa kuchelewa, kwa lugha ambayo angeielewa.

Sasa nirudi kwenye karanga. Mradi wa Waingereza ulianza mwaka 1947, ukavunjwa mwaka 1951, na reli ya Nachingwea iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tunausoma katika ripoti za wakubwa waliopoteza fedha. Wa mwaka 1905 wamekwisha wote. Lakini waliokuwa watoto trekta zilipong'oa miti Nachingwea wapo bado, ingawa ni wachache, na wana zaidi ya miaka 80. Mkienda likizo, ketini nao. Andikeni jina la msimulizi, mahali na tarehe, na nani mwingine alikuwapo akisikiliza. Akiwaomba jina fulani lisiandikwe, andikeni kwamba aliomba.