Nkololo: Nchi, Watu na Mizani

Wahariri wa kitabu hiki cha kumbukumbu wametutaka tuandike habari za Nkololo: asili yake, sura ya nchi yake na wingi wa watu wake. Tumekubali kwa furaha, na kwa hofu kidogo, maana Nkololo si mji wa ngome wala wa bandari. Ni makao ya kata katika Wilaya ya Bariadi, na msafiri apitaye upesi huona maduka, shule, ghala la pamba na vumbi. Lakini sisi tuliozaliwa katika nchi hii ya Ntuzu twajua ya kuwa mtu asiyezijua habari za mizani iliyomo ndani ya ghala lile hawezi kuijua Nkololo.

Tuanze na nchi yenyewe. Ntuzu iko mashariki mwa Usukuma, katika nyanda zilizoinuka zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari. Upande wa macheo iko Serengeti, na upande wa machweo Mto Simiyu, ambao mkoa wetu umechukua jina lake, humwaga maji katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Mvua huanza mwezi wa Novemba na kukoma Mei, lakini katikati hupumzika, na mapumziko hayo yakizidi majuma machache mkulima huanza kuhesabu debe za mtama zilizobaki ghalani.

Msukuma hauiti udongo wote kwa jina moja. Ule mwepesi wa kichanga ulioko miinukoni huitwa luseni, nao hukubali pamba, karanga na mihogo. Ule mgumu wa miteremkoni, unaotuamisha maji, ni itogolo. Ule mweusi wa bondeni ni mbuga, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunasa gurudumu la mkokoteni wakati wa masika. Wataalamu wa zama za Kiingereza walipokuja kuupima udongo wa Usukuma walikuta kazi ya kuupa majina imekwisha fanywa, wakayachukua majina hayo wakayaandika katika vitabu vyao.

Zamani watu wa upande huu walikuwa wachache. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwaua ng'ombe, pori likasogea na mbung'o wakasogea pamoja nalo. Waliokuwapo waliishi chini ya mtemi na wanangwa wake, na vijana walikuwa na mkubwa wao, nsumba ntale, aliyewaita kwenda kulima shamba la mtu kwa zamu. Utemi uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, ila desturi ya kulimiana haikuhitaji sheria ili iishi, na twaamini ya kuwa ushirika uliota haraka Usukuma kwa sababu mbegu yake ilikuwa imekwisha kuwamo udongoni.

Watu waliongezeka kwa njia mbili, kuzaliwa na kuhamia. Kwimba na nchi zilizo karibu na Mwanza zilijaa, mashamba yakachoka, na wengi wakaswaga ng'ombe wao kuelekea mashariki. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Pori lilifyekwa na malambo yakachimbwa, na kwa hayo twashukuru. Lakini pamoja na malambo zilikuja amri: matuta yalimwe hivi, mihogo ipandwe kiasi hiki, ng'ombe wapunguzwe. Mkulima aliyejua tofauti ya luseni na itogolo hakupenda kufundishwa kwa faini.

Na hapa ndipo ilipo mizani. Pamba ilikwisha kuwa ndiyo fedha ya Usukuma, lakini aliyeilima hakuwa na sauti katika kuipima. Alifika kwa mnunuzi na mzigo wake kichwani au juu ya punda, akaambiwa ratili ngapi, akapokea senti zake akaondoka. Wazee wetu walikuwa na hakika ya kuwa mzigo ulipungua njiani kati ya nyumba na mizani, wala haukuwa umedondoka. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, Paul Bomani akiwa mbele yao, waliweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu ajue uzito wake kabla hajaambiwa na mwingine. Kutokana na mizani hiyo vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 Victoria Federation of Cooperative Unions. Katika miaka ile TANU ilinyimwa ruhusa ya kufungua matawi Usukuma, tangu 1954 hadi 1958, hata mkutano wa pamba ukawa karibu mkutano pekee ambamo mkulima aliweza kusimama na kusema.

Hatutaki kusifu tu. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta gharama zimezidi na uaminifu umepungua. Mizani tuliyoipigania ilikuwa imejifunza kusema uongo kwa Kisukuma. Mwaka 1968 chama kile kikubwa kiligeuka kuwa Nyanza Cooperative Union.

Mwaka 1974 zilikuja operesheni za vijiji. Kabla ya hapo kila mji wa Msukuma ulisimama peke yake, umezungukwa na boma la minyaa, mashamba kando yake na ngitili ya majani ya ng'ombe nyuma yake. Watu waliambiwa wajenge kwa mistari. Shule na zahanati zilikaribia, na samadi ikawa mbali na shamba. Miaka miwili baadaye, Mei 1976, vyama vikuu vyote vya ushirika vilivunjwa, na pamba ikawa inauzwa na vijiji kwa Mamlaka ya Pamba. Vyama vilirudishwa mwaka 1984, nasi tukawa chini ya chama kikuu cha Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1994 soko lilifunguliwa kwa kila mnunuzi. Bei ilishindaniwa kweli, lakini sisi wenyewe tulipata kumpa pamba mnunuzi mmoja kwa karatasi, na karatasi ile tunayo hata leo. Tangu msimu wa 2018 pamba imerudi kupitia vyama vya msingi, na hata hivyo mwaka uliofuata bei ya dunia ilianguka na wengi walingoja malipo yao miezi mingi.

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 1,584,157 mkoani, na ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya nusu milioni, na pori la kuhamia halipo tena: mashariki ni hifadhi, magharibi ni jirani zetu waliokwisha jaa. Vijana wamekwenda Geita, Katavi, Morogoro, hata Lindi, na ng'ombe wao. Waliobaki hugawana shamba la baba. Ekari moja ya pamba hapa kwetu kwa kawaida hutoa kilo 200 hadi 300, ingawa ekari hiyo hiyo, ikitiwa samadi, ikipandwa mapema na kupigwa dawa kwa wakati, huweza kutoa mara mbili au tatu. Mtu mwenye ekari tatu badala ya kumi hawezi kustahimili kupunjwa kilo tano.

Hii ndiyo sababu ikifika Juni, foleni ya mikokoteni inapofika barabarani, wazee wa Nkololo hawakai chini ya mti kungoja kuitwa. Husogea mpaka mlangoni mwa ghala, karani hutenga pamba safi na fifi, mzigo hutundikwa, na kabla karani hajafungua kinywa mwenye pamba huisoma namba mwenyewe, kwa sauti, ili walio nyuma yake wasikie.