Madaftari Mawili: Historia Fupi ya Shule Zetu na Fedha Zake



Kila mwaka taarifa hii huhesabu fedha zilizoingia katika chama na zilizotoka. Safari hii tumeombwa na kamati tuongeze kurasa chache juu ya shule, kwa kuwa katika mikutano ya matawi limeulizwa swali moja mara nyingi: ikiwa serikali imekwisha kutangaza kwamba elimu ya msingi ni bure, mchango wetu wa elimu ni wa nini? Swali hilo ni la haki, wala hatupendi kulijibu kwa maneno matupu. Twaona kwamba jibu lake limo katika historia ya nchi hii ya chai, toka Kericho hadi Bomet.

Sisi tulio makarani twajua kwamba kila shule ina madaftari mawili. La kwanza ni la majina ya watoto, na la pili ni la fedha. Mwalimu mkuu huyafungia katika kabati moja, lakini hayakui pamoja. Mara nyingi daftari la majina limejaa kwa juma moja, na la fedha likachukua miaka mingi kulifuata.

Hapo mwanzo hata majina yalikuwa haba. Misheni zilizofungua madarasa Tenwek, Litein na Kaplong zilikuwa na kazi ya kuwabembeleza wazazi, maana mvulana alitakiwa malishoni na msichana alitakiwa nyumbani. Serikali nayo ilifungua shule yake Kabianga mwaka 1925. Katika miaka hiyo hiyo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kupanda chai katika mashamba makubwa ya Kericho, juu ya ardhi ambayo wenyeji walikuwa wamenyang'anywa. Basi mbele ya mtoto zilikuwapo njia tatu: malisho, shule na shamba la chai. Katika miaka ya 1930 watoto wengi waliajiriwa kuchuma majani. Senti ya chai ilionekana siku ya mshahara, lakini faida ya shule haikuonekana upesi.

Fedha za shule zilitoka wapi? Mwaka 1924 serikali ya kikoloni iliunda Mabaraza ya Wenyeji, yakapewa ruhusa ya kutoza kodi ndogo juu ya ile kubwa ya serikali, na katika wilaya nyingi wajumbe walitaka fedha hizo zitumiwe kwa elimu. Kwa hiyo mzazi alilipa mara tatu: kodi ya serikali, kodi ya baraza, na karo ya mtoto. Tena, jengo lilipotakiwa, watu wa kokwet waliitwa. Wengine wakakata nguzo, wengine wakakanda udongo, wengine wakaleta nyasi za kuezekea. Kazi hiyo haikuandikwa katika daftari lo lote. Yafaa tuikumbuke, kwa maana yeyote asemaye kwamba zamani shule zilijengwa na serikali au misheni peke yake amesahau mikono ya babu na nyanya zetu.

Mwaka 1934 ziliwekwa Bodi za Elimu za Wilaya, na mwaka 1949 ikatoka ripoti ya kamati iliyoongozwa na Beecher. Kwa mpango wake, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne ya shule ya msingi, minne ya shule ya kati, na minne ya sekondari. Mwisho wa darasa la nne palikuwa na mtihani, na wengi waliishia hapo. Waliopita walikuta karo iliyo kubwa zaidi. Sababu ilitajwa waziwazi: fedha za koloni hazikutosha kuwachukua wote. Kwa maneno mengine, daftari la majina lilifupishwa kwa makusudi ili lilingane na daftari la fedha. Wazee walionung'unika wakati ule hawakuwa wakorofi. Walikuwa wamekwisha kuona kwamba mtoto aliyefungiwa mlango akiwa na miaka kumi na mmoja hafunguliwi tena.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, neno Harambee likawa kama amri mioyoni mwa watu. Shule za sekondari za kujitegemea zikamea kila mahali, hata kabla ya mwaka 1970 zikawa nyingi kuliko zile zilizosaidiwa na serikali katika Kenya nzima. Kwetu sisi, wakulima wadogo walikuwa wameruhusiwa kupanda chai, na tangu mwaka 1964 Shirika la Ustawi wa Chai, yaani KTDA, likasimamia majani yao. Mwenye vichaka vyake alipata malipo ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka, na bonasi hiyo ndiyo iliyompeleka mtoto wake sekondari. Lakini mchuma chai aliyekaa katika nyumba za kampuni hakuwa na kichaka wala bonasi ya namna hiyo. Watoto wake walisoma katika shule za msingi za mashamba, pamoja na watoto wa watu waliotoka Kisii, Nyanza na Magharibi, nao walipomaliza walisimama mlangoni pa sekondari mikono mitupu. Tofauti hiyo kati ya watoto wa ujirani mmoja haijaisha.

Shule za msingi ziliendelea kuwa chini ya halmashauri za wilaya mpaka mwisho wa mwaka 1969. Tangu mwaka 1967 walimu walikuwa wameajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, na kuanzia mwaka 1970 serikali kuu ikachukua mzigo wa shule hizo. Kisha, tarehe 12 Desemba 1973, Rais Kenyatta alitangaza kwamba karo ya darasa la kwanza hadi la nne imefutwa. Shule zilipofunguliwa Januari 1974, watoto wa shule za msingi nchini walitoka karibu milioni 1.8 wakafika karibu milioni 2.8. Madarasa hayakuwapo, madawati hayakuwapo, na walimu wengi walioandikwa kwa haraka hawakuwa wamepata mafunzo. Ndipo kamati za shule zilipoanza kutoza mchango wa majengo, na katika shule nyingi mchango huo ulizidi ile karo iliyofutwa. Wengi walioingia Januari wakarudi nyumbani kabla hawajajua kusoma. Karo ilikuwa imetoka kwa mlango wa mbele, ikarudi kwa mlango wa nyuma ikiwa na jina jingine.

Jambo hilo limejirudia. Mwaka 1979 watoto walipewa maziwa shuleni na karo iliyobaki ikaondolewa. Mwaka 1985 ukaja mpango wa 8-4-4, na wazazi wakatakiwa kujenga darasa la nane pamoja na vyumba vya ufundi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kukaja ugawanaji wa gharama. Sisi wa umri wetu twaikumbuka miaka iliyofuata. Tulirudishwa nyumbani kwa fedha za mtihani, tukarudi shuleni na kuku chini ya kwapa, na wenzetu wengine hawakurudi kabisa.

Mwaka 2003 karo ya msingi ilifutwa tena. Watoto nchini wakatoka karibu milioni 5.9 wakawa milioni 7.2. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka: 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, na 370 za matumizi mengine. Twakiri kwa shukrani kwamba vitabu vilikuja, nasi tulivishika kwa mikono yetu. Lakini fedha hizo hazikuwa za kujenga. Dawati la watoto wawili lilikaliwa na wanne, na waliochelewa wakaketi sakafuni. Majengo yakaachiwa mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, pamoja na wazazi wale wale. Hata mwaka 2023, darasa la saba la mtaala mpya lilipowekwa kama sekondari ya chini ndani ya shule za msingi, shule nyingi zilipokea wanafunzi kabla ya kupata maabara.

Basi, ndugu wanachama, hilo ndilo jibu letu. Tangazo la elimu ya bure ni jambo jema, wala hatutaki mtu alidharau. Bila hilo, maelfu ya watoto wa nchi yetu wasingeandikwa jina. Lakini kila mara tangazo limefungua mlango, na paa limeachwa juu ya mabega ya wazazi. Mahali penye chama au kokwet yenye umoja, paa limeezekwa. Mahali pasipo na umoja, mchango umegeuka fimbo ya kumfukuza mtoto wa mjane na wa mchuma chai.

Kwa sababu hiyo twaomba mkutano mkuu ufikiri mambo matatu. La kwanza, kila tawi lihesabu watoto, madawati na milango ya vyoo katika shule zilizo karibu, kabla ya mtu ye yote kuomba fedha. La pili, mfuko wetu usimalizwe wote kwa karo ya wanafunzi wachache wa shule za bweni, hata kama majina ya shule hizo ni matamu masikioni. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kimanagan, ya kumkabidhi rafiki wa mbali ng'ombe wa kutunza, ili ugonjwa ukiingia zizi moja, mali yote isiangamie. Hekima hiyo yafaa fedha pia. La tatu, shule itakayosaidiwa na chama iahidi kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango.

Mwisho, twawaomba wazee wenye stakabadhi za karo na za harambee za miaka ya zamani watuletee tuzinakili, kisha tutazirudisha kwa wenyewe. Karatasi hizo ndizo daftari la tatu, lile ambalo hakuna ofisi iliyoliweka: hesabu ya waliyoyatoa wazazi wetu. Twataka liwe tayari siku mjukuu atakapouliza ni nani aliyeijenga shule yake.