Kuchuja, kupauka, kufifia

Sokoni Sumbawanga, mnunuzi wa kitenge huuliza kwanza: "Hiki hakichuji?" Anachoogopa ni maji. Jua nalo lina kitenzi chake: nguo iliyoanikwa mno haichuji, hupauka.

Mji huo umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Baridi yake humfanya mtu adhani jua limepoa. Kumbe mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na ndiyo huvunjavunja molekuli za rangi.

Mafundi wa ndege wanaijua hasara hiyo. Hupaka kipuri rangi ing'aayo, ikapenya kwenye nyufa, wakaifuta ya juu, kisha wakamulika gizani kwa taa ya urujuanimno ya nanometa 365. Ufa huwaka kijani. Ila taa hiyohiyo, ikimulika mno, huichosha rangi, na ufa mwembamba unaweza kumpita fundi.

Hapo neno "kupauka" halitoshi, maana kilichopotea ni mwanga: rangi imefifia. Kitenge, basi, kianikwe kivulini.