Draivu Mpya Katika Kompyuta Kuukuu

Kompyuta binafsi ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilitumia disketi laini za inchi 5.25. Kila moja ilibeba kilobaiti 160, na kufikia 1983 zikawa 360. Disketi hizo zilipindika upesi, na tundu lake la kusomea lilikaa wazi kwa vumbi na vidole; katika unyevu wa pwani ziliweza hata kuota koga. Ile ya inchi 3.5 iliyobuniwa na Sony ilikuwa na ganda gumu na kifuniko kinachojifunga chenyewe, tena ilitosha mfuko wa shati.

Kwa upande wa bara wa Mombasa, hilo la mfuko wa shati lilikuwa na uzito wake. Likoni hufikiwa kutoka kisiwani kwa feri tangu 1937, Kisauni kwa daraja la Nyali lililojengwa upya 1980, na Changamwe kwa njia ya Makupa. Kabla intaneti haijaingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, na kwa miaka kadhaa baadaye, faili lilivuka maji mkononi mwa mtu. Mashine ya ng'ambo ikishindwa kuisoma disketi, safari nzima ilikuwa kazi bure.

Kununua kompyuta nyingine kulikuwa ghali zaidi kuliko kuongeza draivu ya inchi 3.5 kwenye ile ya zamani. Kazi yenyewe ilianza kwa mambo ya mikono: fremu ya kuziba nafasi iliyobaki kwenye kasha, kiunganishi kidogo cha umeme, na mkanda wa waya 34, ambao mwisho wake wa zamani haukuingiana na pini za draivu mpya. Ndani ya mkanda huo waya saba zimepindwa makusudi, na ni msokoto huo unaozitofautisha draivu A na draivu B. Aliyechomeka pasipofaa alibadilisha majina ya draivu bila kujua.

Ugumu halisi ulikuwa kwenye kadi ya kudhibiti. Kadi za kompyuta za kwanza zilipitisha kilobiti 250 kwa sekunde, ilhali disketi ya megabaiti 1.44, iliyoletwa na IBM 1987, ilidai 500. Disketi hiyo ilibeba mara nne kamili ya ile ya kilobaiti 360, lakini draivu yake ikifungwa kwenye mashine ya zamani ilifanya kazi kama ya kilobaiti 720 tu. Hata hizo 720 zilihitaji mfumo wa DOS 3.2 wa 1986 na mstari wa DRIVER.SYS katika faili la CONFIG.SYS. Aliyetaka 1.44 kamili alitafuta kadi nyingine yenye programu yake ya kuanzia.

Hata draivu ya inchi 5.25, ile ya megabaiti 1.2, ilikuwa na mtego wake. Iliisoma vyema disketi ya kilobaiti 360, lakini kichwa chake chembamba kiliandika njia nyembamba ambazo draivu ya zamani mara nyingi haikuzisoma tena. Kwa hiyo disketi ilienda salama na kurudi imeharibika.

Apple iliacha draivu ya disketi kwenye iMac ya 1998, flashi za USB zikaanza kuuzwa 2000, na Sony ikasitisha mauzo ya disketi Japani Machi 2011. Disketi za inchi 5.25 zilizobaki makabatini sasa zinadai kazi ile ile kinyume chake: draivu kuukuu ifungwe kwenye kompyuta mpya zaidi, ilimradi bodi yake bado ina nafasi ya mkanda wa waya 34.